Kila, Wote na Baadhi: Mantiki ya Kiarifa na Faida Zake kwa Mwalimu na Mtahiniwa wa Kiswahili

Utangulizi

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa unayejiandaa kwa karatasi ya fasihi, hebu nianze kwa kosa langu mwenyewe. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilikabidhiwa kidato cha tatu. Ijumaa moja nilikusanya insha, nikakuta kwamba wanafunzi wachache hawakuwasilisha. Nikamwandikia naibu wa mwalimu mkuu kijikaratasi chenye sentensi moja: "Wanafunzi wote hawakuleta insha." Nilikusudia kusema kwamba si wote walioleta. Naibu alielewa kwamba hakuna aliyeleta. Jumamosi darasa zima lilifyeka nyasi nyuma ya maabara, pamoja na wale waliokesha wakiandika. Jumatatu msichana mmoja, ambaye insha yake ilikuwa bora kuliko zote, aliniuliza kwa upole: "Mwalimu, yangu hukuiona?" Nilikosa la kumjibu.

Naibu hakusoma vibaya. Sentensi yangu nayo haikuwa na kasoro ya kisarufi ambayo mtahini angeipigia mstari mwekundu. Tatizo lilikuwa kwamba sentensi ile ina maana mbili, nami sikuzitambua. Taaluma inayotufunza kuzitenga maana za namna hiyo huitwa mantiki ya kiarifa. Makala haya yanadhamiria kueleza taaluma hiyo ni nini, jinsi inavyotumika katika nyanja mbalimbali za elimu, na jinsi inavyoweza kumwokoa mtahiniwa anayejibu swali la fasihi.

Mantiki ya kiarifa ni nini?

Neno "mantiki" tumelipokea kutoka Kiarabu, ambako mzizi wake unahusiana na kutamka au kusema. Mantiki basi ni elimu ya usemi unaofuatana: ukishakubali hili na lile, ni lipi unalazimika kulikubali?

Mwasisi wake mkuu katika maandishi ni Aristotle, Myunani aliyeishi kati ya mwaka 384 na 322 K.K. Alichunguza sentensi za aina nne: wote ni, hakuna aliye, baadhi ni, na baadhi si. Mfano maarufu wa hoja katika mapokeo yake ni huu: Binadamu wote hufa, Socrates ni binadamu, kwa hivyo Socrates hufa. Mfumo huo ulitawala kwa zaidi ya miaka elfu mbili. Hata hivyo, ulikuwa na upungufu. Uliigawa kila sentensi katika kiima kimoja na kiarifa kimoja, hivyo ulikwama mbele ya sentensi zenye uhusiano wa vitu viwili au zaidi, kwa mfano "Kila mlango una ufunguo unaoufungua."

Mwaka 1879 Gottlob Frege, mwalimu wa hisabati katika Chuo Kikuu cha Jena, Ujerumani, alichapisha kijitabu kilichoondoa mkwamo huo. Katika miaka ya 1880 Mmarekani Charles Sanders Peirce naye alifikia mfumo unaokaribiana na huo bila kumtegemea Frege. Vyombo vya mfumo wenyewe ni vichache:

(i) Majina ya vitu au watu: Halima, Juma, Mombasa.
(ii) Viarifa vyenye nafasi za kujazwa: "— ni mkarimu" kina nafasi moja, "— alimpenda —" kina nafasi mbili.
(iii) Herufi kama x na y. Hizi zichukulie kama viwakilishi: ni "yeye" au "hicho" ambacho bado hakijatajwa.
(iv) Maneno ya kiasi. Ni mawili tu: "kila x", linaloandikwa ∀x, na "kuna angalau x mmoja", linaloandikwa ∃x.
(v) Viunganishi: si, na, au, ikiwa... basi.

Kwa hivyo "Kila mwalimu ni mkarimu" husomwa hivi: kwa kila x, ikiwa x ni mwalimu, basi x ni mkarimu. Nayo "Baadhi ya walimu ni wakarimu" husomwa: kuna x ambaye ni mwalimu na ni mkarimu. Tazama kwamba ya kwanza hubeba "ikiwa... basi" na ya pili hubeba "na". Tofauti hiyo ndogo ndiyo mhimili wa mengi yatakayofuata.

Kitenzi cha Kiswahili na nafasi zake

Mwalimu wa Kiswahili ana bahati katika somo hili, maana kitenzi chetu huzionyesha nafasi za kiarifa waziwazi. Chukua "alimpenda". Kiambishi a- kinashika nafasi ya mtenda, na -m- kinashika nafasi ya mtendwa. Neno hilo moja ni kiarifa chenye nafasi mbili, na kila nafasi imewekewa kiwakilishi kinachosubiri jina.

Mnyambuliko wa vitenzi nao ni namna ya kuongeza au kupunguza nafasi hizo. "Alilia" kina nafasi moja; kauli ya kutendesha, "alimliza", kina mbili. "Alipika wali" kina mbili. Kauli ya kutendea, "alimpikia mama wali", kina tatu. Kauli ya kutendana, "walipendana", hukusanya madai mawili: x alimpenda y na y alimpenda x. Mwanafunzi akiambiwa kwamba Juma alimpenda Halima, hana ruhusa ya kuandika kwamba walipendana.

Lililo muhimu zaidi kwa mhakiki ni tofauti ya kutendwa na kutendeka. "Mlango umefunguliwa" hudai kwamba kuna x aliyeufungua, ingawa x hatajwi. "Mlango umefunguka" haudai hivyo. Huenda ni upepo, huenda ni bawaba. Sasa mfikirie kiongozi katika tamthilia anayewaambia raia kwamba pesa za zahanati "zimepotea". Amechagua kiarifa chenye nafasi moja, na nafasi ya mwizi imefutwa. Angesema "zimeibwa", angekuwa amekiri kwamba kuna aliyeziiba, na swali la "ni nani?" lingefuata mara moja. Mtahiniwa akilieleza hilo anapojadili matumizi ya lugha, atakuwa amefanya uhakiki wa kweli kutokana na sarufi anayofundishwa kila wiki.

Kukanusha "wote" na "baadhi"

Hebu turudi kwenye kijikaratasi changu. "Wanafunzi wote hawakuleta insha" ina maana mbili kwa sababu kikanushi chaweza kusimama mahali pawili. Maana ya kwanza: kwa kila x, ikiwa x ni mwanafunzi, x hakuleta. Maana ya pili: si kweli kwamba kila mwanafunzi alileta. Anayetaka maana ya kwanza na aandike "Hakuna mwanafunzi aliyeleta insha." Anayetaka maana ya pili na aandike "Si wanafunzi wote walioleta insha." Kitu pekee kinachozitenga sentensi hizo mbili ni mahali pa kikanushi.

Methali "Vyote ving'aavyo si dhahabu" ina umbo lile lile la kijikaratasi changu. Ikichukuliwa kwa maana ya kwanza, hata pete ya dhahabu inayong'aa si dhahabu, jambo ambalo hakuna mswahili analokusudia. Sote huichukua kwa maana ya pili kwa sababu tunazijua dhahabu. Naibu hakuwa na la kumwongoza; hakuziona insha.

Kanuni zenyewe ni mbili, na mtahiniwa azikariri:

(a) Kinyume cha "kila x ni hivi" ni "kuna x ambaye si hivi". Mmoja anatosha.
(b) Kinyume cha "kuna x aliye hivi" ni "hakuna x aliye hivi". Hapa mmoja hatoshi. Lazima wote wakaguliwe.

Zingatia pia sarufi ya maneno haya. "Kila" hufuatwa na nomino ya umoja: kila mwanafunzi, wala si *kila wanafunzi. Kiambishi cha -ote hutudokezea aina ya vitu vinavyozungumziwa hata nomino isipotajwa: "vyote vimefika" haizungumzii watu. Na -ote ikiwa na nomino ya umoja hubadilika maana: "vitabu vyote" ni kila kitabu, ilhali "kitabu chote" ni kitabu kizima, kuanzia jalada hadi jalada. Nayo "-o-ote" huelemea upande kulingana na kikanushi: "mwanafunzi yeyote anaweza kujibu" hukaribia "kila", "sikumwona mwanafunzi yeyote" ni "hakuna".

Mlango na ufunguo: mpangilio wa "kila" na "kuna"

Maneno ya kiasi yakikutana katika sentensi moja, lililotangulia hubadilisha maana. Wahenga walisema: "Kila mlango na ufunguo wake." Yaani, kwa kila x aliye mlango, kuna y aliye ufunguo wa x. Geuza mpangilio: kuna y ambaye, kwa kila x aliye mlango, y humfungua x. Sasa umepata ufunguo mmoja wa milango yote! Dai hili la pili ni zito zaidi. Likiwa kweli, la kwanza nalo ni kweli. Lakini la kwanza likiwa kweli, la pili halifuati.

Kosa hili hufanywa na wakubwa pia. Mwaka 1821 Mfaransa Augustin-Louis Cauchy, mmoja wa wanahisabati mashuhuri wa zama zake, alidai kwamba ukijumlisha grafu zisizokatika bila kikomo, na jumla ikatulia mahali pote, grafu ya jumla hiyo nayo haitakatika. Mwaka 1826 kijana kutoka Norway, Niels Henrik Abel, alitoa mfano ambao jumla yake hukatika. Wataalamu waliofuata walipochunguza, walibaini kwamba hoja iliyotakikana ni "kuna hatua moja inayotosha kwa kila mahali", ilhali kilichokuwa kimetolewa ni "kwa kila mahali kuna hatua inayotosha". Kwa lugha yetu, kila mlango ulikuwa na ufunguo wake, na Cauchy akadhani ameshika ufunguo wa yote.

Matumizi katika nyanja nyingine

Sayansi. Zamani ilikubalika kwamba mamalia wote huzaa. Walikuwapo ng'ombe, popo, nyangumi na maelfu ya mifano mingine. Halafu mwaka 1884 mwanasayansi W. H. Caldwell alithibitisha huko Australia kwamba platipasi, mnyama anayenyonyesha, hutaga mayai. Mnyama mmoja aliangusha dai la "wote", na mifano ile maelfu haikuweza kuliinua tena. Hii ni kanuni (a) ikifanya kazi. Aidha, ndiyo sababu mwanasayansi makini hutafuta mfano unaopinga dharia yake badala ya kuongeza ule wa mia moja unaoiunga mkono.

Kompyuta. Mwaka 1970 Edgar Codd, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya IBM, alipendekeza kwamba kumbukumbu za kompyuta zihifadhiwe katika majedwali, na kila jedwali lichukuliwe kuwa kiarifa. Jedwali lenye safu za "mwanafunzi", "somo" na "alama" ni kiarifa chenye nafasi tatu: x alipata z katika y. Ukitaka orodha ya wanafunzi waliofanya masomo yote, mara nyingi utaiuliza kompyuta kwa kukanusha mara mbili: nipe kila mwanafunzi ambaye hakuna somo ambalo hakulifanya. Swali hilo linachosha ulimi, lakini ukilikagua utaona ni kanuni zetu mbili zikishikana mikono.

Sheria. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 huchagua kwa uangalifu ni nani anayezungumziwa na "kila". Kifungu cha 43 kinatoa haki za kiuchumi na kijamii, zikiwemo afya na elimu, kwa kila mtu; Kifungu cha 35 kinatoa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali kwa kila raia. Mkimbizi aliyeko Kakuma ni mtu, ingawa si raia wa Kenya, na neno moja ndilo linaloamua anaingia katika kifungu kipi. Tazama pia Kifungu cha 138(4) kuhusu uchaguzi wa rais. Mshindi sharti apate zaidi ya nusu ya kura zote zilizopigwa, na pia angalau asilimia 25 ya kura zilizopigwa katika kila moja ya kaunti zinazozidi nusu ya kaunti zote. Kwa kuwa kaunti ni 47, hizo ni kaunti 24 au zaidi. Anayesoma haraka hudhani kwamba ni asilimia 25 ya kura za kaunti 24 zikijumlishwa pamoja. La hasha! "Kila moja" inataka kaunti zikaguliwe moja baada ya nyingine.

Falsafa. Mwaka 1905 Mwingereza Bertrand Russell aliuliza tufanye nini na sentensi "Mfalme wa sasa wa Ufaransa ana upara", ilhali Ufaransa haina mfalme. Jibu lake lilikuwa kwamba sentensi hiyo imeficha madai matatu: kuna x aliye mfalme wa Ufaransa, hakuna mwingine aliye mfalme huyo, na x ana upara. La kwanza likianguka, yote huanguka. Sisi hukutana na jambo hili katika swali la "Mhusika mkuu wa riwaya hii ni mtu mwenye msimamo. Jadili." Swali limekwisha kudai kwamba mhusika mkuu yupo na ni mmoja. Mtahiniwa aliyesoma riwaya yenye wahusika wakuu wawili ana haki ya kulisema hilo kwa adabu kabla ya kujibu. Kiswahili nacho kina njia yake ya kudokeza kitu mahususi: linganisha "nimesoma kitabu", ambacho chaweza kuwa chochote, na "nimekisoma kitabu", kile tunachokijua mimi na wewe.

Isimu. Mmarekani Richard Montague, aliyefariki mwaka 1971, alishikilia kwamba lugha ya kawaida yaweza kuchanganuliwa kwa ukali uleule wa lugha ya hisabati. Makala yake maarufu kuhusu maneno ya kiasi yalichapishwa mwaka 1973. Wanaisimu wa semantiki wangali wanaifuata njia hiyo wanapochunguza sentensi kama "Kila mwalimu alimsifu mwanafunzi mmoja." Je, ni mwanafunzi yuleyule aliyesifiwa na walimu wote, au kila mwalimu alikuwa na wake? Ni mlango na ufunguo tena.

Katika darasa la fasihi

Tuanze na methali. Nyingi huanza kwa kirejeshi au kwa jina la mtenda, na maana yake ni "kwa kila x, ikiwa... basi". "Mtaka cha mvunguni sharti ainame" ni hivi: kwa kila x, ikiwa x anataka cha mvunguni, basi x huinama. Haisemi kwamba kila anayeinama anataka cha mvunguni; huenda anafunga kamba za viatu. Vivyo hivyo "Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu" haituambii lolote kuhusu aliyefunzwa na mamaye. Naye huenda akafunzwa na ulimwengu, kama tujuavyo. Mtahiniwa wa insha ya methali anayeandika kisa cha mtoto aliyefunzwa vyema na kufanikiwa, akakomea hapo, hajaigusa methali. Amesimulia jambo lililo nje ya sharti lake. Kwa upande mwingine, "Avumaye baharini papa, kumbe wengi wapo" ni methali ya "kuna": husisitiza kwamba zaidi ya yule mmoja, wapo wengine.

Sasa tuingie katika swali la uhakiki. Tuseme tamthilia ina wahusika wanne wa kike: Zena, Mwanaisha, Tabu na Rehema. Swali ni: "Wahusika wote wa kike katika tamthilia hii ni wanyonge. Jadili." Mtahiniwa wa kwanza anaandika: "Ni kweli. Zena anapigwa na mumewe na kunyamaza. Mwanaisha anaozwa bila hiari. Tabu anadhulumiwa kazini. Kwa hivyo wahusika wote wa kike ni wanyonge." Ametoa mifano mitatu mizuri, lakini hitimisho lake halijasimama, kwa kuwa Rehema hakutajwa. Ikiwa Rehema ndiye aliyesimama barazani akamkabili chifu, basi hitimisho hilo limeanguka na mtahini atalijua hilo.

Mtahiniwa wa pili anaandika: "Wahusika wengi wa kike wamechorwa wakiwa wanyonge, lakini si wote. Zena, Mwanaisha na Tabu wanadhulumiwa bila kujitetea. Hata hivyo Rehema anamkabili chifu hadharani. Hata Tabu, katika onyesho la mwisho, anakataa kutia sahihi stakabadhi ya uongo." Huyu amelipima dai kwa kiasi chake, ameonyesha linapokubalika na linapokataliwa, na ameona kwamba mhusika mmoja anaweza kuwa mnyonge mahali fulani na jasiri mahali pengine. Je, mwalimu mwenzangu, ni yupi ungempa alama za juu?

Kutokana na hayo, namshauri mtahiniwa afuate hatua hizi:

1. Pigia mstari neno la kiasi katika swali: wote, kila, hakuna, baadhi, wengi. Likikosekana, jiulize swali limekusudia lipi.
2. Tambua uwanja wa mazungumzo: ni wahusika wote, ni wa kike tu, ni wa onyesho moja au wa kitabu kizima?
3. Dai likiwa la "wote", tafuta anayelipinga kabla ya kutafuta wanaoliunga mkono.
4. Dai likiwa la "baadhi", mfano mmoja thabiti unalithibitisha. Hiyo mingine ni ya kutimiza idadi ya hoja.
5. Usivuke kutoka kitabuni hadi duniani bila daraja. "Kuna mwanamume katili katika riwaya hii" haizai "mwandishi anasema wanaume wote ni makatili", wala haizai "wanaume ni makatili".

Hatua ya tano ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Nimesahihisha insha ambamo mhusika mmoja wa jamii fulani alikuwa mlafi, na kufikia aya ya tatu jamii nzima imekuwa ya walafi. Kuvuka huko kutoka "kuna" hadi "kila" hakukomi kwenye karatasi ya mtihani. Huwafuata wanafunzi wetu sokoni, kwenye matatu na katika misimu ya uchaguzi. Mwalimu anayekukosoa kitabuni anawakinga majirani pia.

Mipaka ya mantiki hii

Isidhaniwe kwamba mantiki ya kiarifa ni dawa ya kila maradhi. Kwanza, Kiswahili kina kiambishi hu-, kinachotaja desturi. "Mbwa hubweka" si sawa na "kila mbwa hubweka", na mbwa mmoja bubu haiangushi. Swali linalosema "Mwanamke husawiriwa kuwa dhaifu" ni la desturi hiyo, hivyo mfano mmoja wa kupinga hulipunguza nguvu bila kulivunja kabisa. Pili, maneno kama "wengi" hayaelezeki kikamilifu kwa kila na kuna peke yake. Tatu, mwaka 1936 Alonzo Church na Alan Turing, kila mmoja kwa njia yake, walithibitisha kwamba hakuna utaratibu wa kimashine unaoweza kuamua, kwa kila sentensi ya mantiki hii, kama ni kweli daima au la. Nne, mantiki haisikii kejeli. Mhusika akisema "Viongozi wetu wote ni malaika!", mantiki itatuambia ni dai la wote, sikio la fasihi ndilo litakalotuambia kwamba amekusudia kinyume chake.

Hitimisho

Kwa muhtasari, mantiki ya kiarifa hutufunza kuuliza maswali matatu kila tunapokutana na dai: ni nani wanaozungumziwa, ni wangapi kati yao, na kikanushi kimesimama wapi? Mwanahisabati, mwanasayansi, mwanasheria na mtaalamu wa kompyuta huyauliza kwa alama. Sisi twaweza kuyauliza kwa Kiswahili sanifu, maana lugha yetu ina vyombo vyote vinavyohitajika. Siku hizi, kabla sijampelekea yeyote taarifa kuhusu darasa langu, huisoma mara mbili, kisha huandika majina.

Zoezi

1. Andika upya kila sentensi kwa njia mbili ili kuzitenga maana zake: (a) Vitabu vyote havikuletwa. (b) Kila mhusika alimwogopa mzee mmoja.
2. Toa kinyume cha kimantiki cha dai hili: "Kuna kijana ambaye hakuna mzee aliyemsikiliza."
3. Eleza tofauti ya idadi ya nafasi katika viarifa hivi: alicheka, alimcheka, alimchekesha, walichekana.
4. "Mchumia juani hulia kivulini." Je, methali hii inatuambia kwamba kila alaye kivulini alichumia juani? Fafanua.
5. Chagua tamthilia au riwaya uliyoisoma. Tunga dai moja la "wote" kuhusu wahusika wake, kisha utafute mhusika mmoja anayeliangusha. Usipompata, eleza ulivyowakagua wote.